Lori Lisilo na Pua

Damu ya kwanza lori lile lilinitoa kabla sijaliona. Nilikuwa nakata kamba za msitu nyuma ya kijiji cha Masako, katika shamba la mpira la Wazungu lililoachwa tangu uasi wa miaka ya kwanza ya uhuru, panga langu likagonga chuma, likaruka, likanipasua chini ya goti. Nikakaa chini nimeushika mguu. Baba mkwe wangu hakuniuliza kama nimeumia. Alinipita, akaanza kuyang'oa majani kwa mikono miwili, akivuta na kutupa, akivuta na kutupa, mpaka taa moja kubwa ya mbele ikatokea.

"Ni yenyewe hii," alisema. "Haikuondoka."

Alikuwa mzee wa kifua kipana, mjane, baba wa mke wangu, na aliishi nasi mtaani Mangobo katika chumba cha nyuma. Sikio lake la kushoto lilikatwa na waasi. Hilo kila mtu mtaani alilijua, na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu katika Kisangani ya miaka ile karibu kila nyumba ilikuwa na kitu chake kilichokatwa. Kabla ya uasi alikuwa dereva wa shamba, akipeleka mpira bandarini. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, vitanda, fremu za baiskeli. Magari ya mji yalikuwa yakifa moja baada ya jingine kwa kukosa vipuri, na mwenye lori linalotembea alihesabiwa kuwa mtu. Ndiyo maana Jumamosi moja, tukiwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaro ambayo Chama tawala kilituamuru, mzee aliponiambia anajua mahali lilipolala lori, sikuuliza mengi. Nilinoa panga.

Lilikuwa la aina ile isiyo na pua. Kabini inakaa juu ya injini yenyewe, uso umenyooka kama ukuta, na dereva anaketi mbele kabisa, miguu yake karibu na taa, bila boneti ya kumtenga na barabara. Nyuma yake tela lilikuwa limeoza mbao zote. Mti wa mpira ulijiotea katikati ya kabini na tela, ukanenepa kama paja langu. Nilishangaa kwamba hakuna aliyeng'oa kitu. Vioo vizima, taa nzima. Nchi yetu ilikuwa nchi ya kuacha baiskeli njiani ukarudi ukakuta kengele tu, lakini lori zima lilikuwa limekaa pale miaka yote hiyo, karibu na kijiji.

"Watu wa hapa hawaibi?" niliuliza.

"Wanaogopa."

Kabini ilijaa nyigu. Tuliwasha majani makavu ya mchikichi, tukayasukuma ndani kupitia dirisha lililobaki wazi kidogo, nao wakatoka kwa wingi. Waliniuma shingoni na kwenye kope, nikakimbia nikipiga kelele. Mzee alisimama palepale, akaumwa uso mzima, akingoja waishe. Kisha akaingiza mtaimbo kwenye mlango na kuuning'inia mpaka bawaba zikapasuka.

Nyuma ya viti palikuwa na kitanda chembamba cha dereva. Juu yake palikuwa na mifupa ya mtu. Kaptura ya kaki ilikuwa bado kiunoni, na mkanda. Fuvu lilikuwa limepasuka upande mmoja, na mbavu kadhaa zilikuwa zimevunjika kwa ndani.

Nilishuka nikatapika. Niliporudi, mzee alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, mkono wake juu ya mfupa wa paja.

"Papa, ni nani huyu?"

"Mudogo wangu."

Alinieleza bila kugeuka. Waasi waliwasimamisha barabarani, yeye na mdogo wake, wakawalazimisha kulificha lori shambani ili ndege zisilione. Walipofika wakataka funguo. Mdogo wake ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku hiyo, akazitupa funguo porini, akawacheka. Wakampiga kwa mikuki na marungu akiwa bado amekaa. Mzee walimshika nje, wakamkata sikio ili aanze kuonja, na walipogeuka kumtazama mwenzake anavyokufa, akakimbia.

"Nani alimulaza huku nyuma?" niliuliza.

"Sijui. Mimi nilikuwa nakimbia."

Ndipo hasira ikanipanda. Nilimshika shati. "Ulinileta huku juu ya lori ao juu ya mufu?" Akanipiga ngumi moja ya kifua iliyoniangusha kutoka kwenye ngazi ya kabini hadi chini, mgongo wangu ukatua kwenye mizizi. Akashuka, akaninyanyua kwa mkono uleule alionipigia.

"Juu ya vyote mbili," alisema.

Tulichimba kaburi palepale kwa panga na mikono. Tulimfunga katika koti la mvua la mzee. Akasali Baba Yetu kwa sauti ya mtu anayetoa amri, akapanda kabini, akaanza kuvunja kiti kilichokuwa na madoa meusi. Alikipiga mpaka zikabaki springi tu, kisha akazipiga hizo springi.

Watu wa kiwanda cha mbao walituvutia lori kwa trekta lao, kwa sharti kwamba nitawachomelea meza ya msumeno iliyopasuka. Lilipita daraja la mto Tshopo likiburutwa, matairi yake yakiwa matambara, watoto wakilirushia mawe. Tukaliweka uani kwetu. Mke wangu alilizunguka mara moja. Habari ya baba yake mdogo tulikwisha kumpa. Alikuwa amelia, akanyamaza.

"Bon," alisema. "Sasa mmemuzika. Hii chuma ya nini tena?"

"Ya kula," baba yake alijibu.

Kazi ile sikuwahi kuifanya kwa upole hata siku moja. Hakukuwa na kitu katika lori lile kilichokubali kufunguka. Boliti tulizipasha moto mpaka zikawa nyekundu, tukazipiga, zikakatika, tukatoboa mabaki yake. Pistoni zilikuwa zimeganda ndani ya mitungi yake. Tulizilowesha mafuta kwa majuma, kisha tukaweka kipande cha mti mgumu juu ya kila moja na kupiga kwa nyundo kubwa, zamu kwa zamu, mpaka mabega yakawaka. Mzee alipiga kwa namna iliyonitisha. Alipiga hata baada ya pistoni kutoka. Wakati mwingine nilisimama mbali nikangoja amalize, kama vile mtu anavyongoja walevi wamalize ugomvi wao. Siku moja nilikuwa napiga mluzi nikikwangua kutu kwenye sakafu ya kabini, akanichapa kofi la kisogo. Sikumrudishia. Nilikwangua bila mluzi.

Pete za pistoni tulizichonga kutoka kwenye injini ya boti iliyozama. Viti nilivitengeneza kwa vyuma vya kitanda. Mfumo wa umeme tuliufuma upya kwa nyaya za aina zote, tukaweka swichi ya funguo iliyotoka gari jingine. Kwa lori la namna ile, ukitaka kuitoa injini lazima uiinue kabini nzima, kwa hiyo tulisimika magogo matatu, tukafunga mnyororo, tukaivuta juu. Nilikuwa nimeweka mkono juu ya fremu, naelekeza, wakati ndoano ya mnyororo ilipofunguka.

Sikusikia maumivu kwanza. Niliona tu kwamba mkono wangu wa kulia umeishia kwenye kabini. Mzee aliingiza mtaimbo, akainua peke yake kitu ambacho wanaume wanne hawakiinui, nikatoa mkono. Vidole viwili vilibaki pale chini. Mke wangu alinifunga kwa kitenge chake, akanikalisha nyuma ya baiskeli ya jirani, tukaenda hospitali damu ikinidondoka kwenye visigino. Aliporudi nyumbani alichukua nyundo, akavunja taa moja ya lori mbele ya baba yake.

"Hii lori iko nakula batu," alimwambia. "Ilikula tonton yangu, mudogo yako, sasa inakula bwana yangu. Itakula wewe lini?"

Mzee aliokota vipande vya kioo, kimoja kimoja. Kesho yake akaendelea na kazi. Na mimi, jeraha lilipofunga, nikarudi kando yake. Mke wangu alinitazama kama mtu anayemtazama mwizi wa kuku akirudi kwenye banda lilelile. Sina maelezo mazuri. Nilikuwa nimekwisha kulilipia. Nilitaka kulisikia likinguruma.

Likanguruma, asubuhi moja baada ya mvua. Kwanza lilikohoa moshi mweusi uliofunika nguo za majirani kwenye kamba, kisha likashika, na ukuta wa jiko letu ukaanza kutikisika. Watu walikuja kutoka mitaa mitatu. Mzee alikaa kwenye usukani, uso umelowa jasho, hakucheka. Mke wangu alisimama na mwiko mkononi, na nikamwona anatabasamu kidogo kabla hajageuka.

Kelele ile ndiyo iliyomleta ajida. Alikuwa mwanajeshi mwenye cheo hicho kambini, mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, sare yake imepigwa pasi vizuri. Alikuja na askari wawili wenye bunduki, mchana, tukiwa tunalijaribu lori kwa mara ya tatu au ya nne, injini inawaka. Tela tulilirekebisha lakini tulikuwa hatujalifunga. Mke wangu alikuwa anakaanga mikate mbele ya nyumba, karai la mafuta ya mawese likichemka juu ya mafiga.

"Citoyen," ajida aliniuliza, yaani raia, kama Chama kilivyoamuru tuitane, "hii lori iko ya nani?"

"Iko yetu, chef."

"Yenu? Muliinunua wapi?"

Nikaeleza: msituni, imeoza, miaka yote, kazi yetu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Kila kitu ya Bazungu iko ya Leta, ya serikali. Na mimi ni Leta. Zima, ulete fungula."

Mzee alikuwa ameshuka, amesimama mbele ya lori. Hakuzima.

"Kuna mutu alikufa juu ya fungula za hii lori," alisema taratibu. "Sitazitoa kwako."

Ajida alimtazama askari mmoja, akainua kidevu. Askari akampiga mzee kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia taya likilia kama kuni kavu. Mzee akarudi nyuma, akaegemea uso wa lori, akasimama tena. Akapigwa tena. Nilikwenda mbele bila kuwaza, askari wa pili akanikata mtama, na nilipokuwa chini akaukanyaga mkono wangu mbovu kwa buti, akawa anauzungusha kisigino kama anayezima sigara. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua. Majirani waliokuwa wakishangilia lori wiki ile walikuwa wamefunga milango yao yote.

Ajida akamwinamia mzee, akaanza kumpekua mifuko.

Mke wangu alikuja na karai. Alikuwa amelishika kwa vitambaa viwili, akitembea haraka lakini bila kukimbia, kama anapeleka chakula kwa wageni. Alimwagia ajida mafuta yote, shingoni na usoni.

Mpaka leo nikisikia nguruwe akichinjwa naondoka. Ajida alianguka akijiviringisha kwenye matope, mikono usoni, na kilichokuwa kikitoka mikononi mwake hakikuwa mafuta peke yake. Askari aliyenikanyaga alitupa bunduki yake akamkimbilia. Yule mwingine alifyatua. Risasi ikapita kwenye mlango wa kabini, ikatoka upande wa pili. Kabla hajafyatua tena, mzee alimrukia. Walianguka pamoja, na mzee, kinywa kimejaa damu, alimgonga kichwa kwenye bampa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ilibidi mke wangu amvute.

"Papa! Panda! Panda!"

Mimi nisingeweza kubadilisha gia kwa mkono ule. Mzee ndiye aliyepanda kwenye usukani. Mke wangu alikaa katikati, juu ya kifuniko cha injini kilichokuwa kinaunguza, mimi mlangoni. Hatukuwa na mtoto bado. Kila tulichokuwa nacho kingine kilibaki uani. Tukatoka bila tela, geti nililolitengeneza mimi mwenyewe likaangukia barabarani, tukashika njia ya Ituri. Niliangalia nyuma muda wote. Hakuna gari lililotufuata. Baadaye tulisikia kwamba jeep ya kambi siku hiyo haikuwa na mafuta.

Pale mji unapoishia palikuwa na kizuizi, mwanzi mrefu juu ya mapipa mawili. Askari mmoja alikuwa amekaa kivulini. Alikuwa kijana, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Aliona tunakuja, akasimama katikati ya barabara, akainua mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa na muhindi aliokuwa anautafuna. Hakuwa na haraka wala hofu. Kila mtu husimama kwenye kizuizi, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kutoka mjini.

"Papa, simama," mke wangu alisema. "Papa, kuna mutu."

Katika lori lenye pua, kitu unachokigonga kinaanguka mbali na wewe. Katika lile, uso wa kijana ulikuja moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Nilimwona akielewa. Nilimwona akiacha kutafuna. Mwanzi ulivunjika kwanza, halafu yeye, na sauti haikuwa kubwa. Niliisikia zaidi kwenye nyayo zangu. Kofia yake ilinasa kwenye fimbo ya kufutia kioo, ikakaa nasi, mbele ya macho yetu, mpaka upepo ulipoichukua.

Mzee aliendesha damu ikimshuka kidevuni hadi kwenye shati, mikono yake imetulia. Mke wangu alikuwa ameziba uso kwa viganja vilivyoungua.

Tulifika Isiro baada ya siku nyingi za matope, tukijificha kwa watu tuliowasombea mihogo na kahawa, juu ya mbao tulizozifunga nyuma ya kabini, kama malipo ya kulala. Huko hakuna aliyetujua, na mtu mwenye lori haulizwi ametoka wapi. Nililiundia tela jingine, nikajifunza kuendesha kwa vidole vilivyobaki. Lori lile lilitulisha, lilitujengea nyumba ya matofali, liliwapeleka watoto wetu shule. Halikuwahi kunilaza njiani ila pale gia zilipokufa kabisa, nikaliuza vipande vipande.

Kisangani nyumba yetu askari waliichoma siku ileile. Kaka yangu mkubwa, aliyekaa nyumba ya pili, walimkamata kwa sababu tunafanana. Alipotoka kambini goti lake halikukunjika tena. Nilimtumia ujumbe kwa wasafiri mara nyingi. Hakunijibu, na akafa hajanijibu. Ajida, tuliambiwa, alipona na kuhamishwa, uso wake mtu akiuona usiku anaita mama yake.

Habari za kijana wa kizuizi hazikukaa sawa. Mke wangu alimuuliza kila dereva na kila mchuuzi aliyetoka upande ule, kwa ujanja, kama anayeulizia mambo ya mji. Mmoja alisema askari alikufa palepale. Mwingine alisema alivunjika miguu tu, anauza sigara sokoni. Wa tatu alisema ni uongo, hakuna askari aliyegongwa.

Mzee hakuendesha tena tangu tulipofika. Taya lake lilipona kombo, akala uji na samaki aliyepondwa. Siku moja tukila, mimi nikamwambia, nikidhani namtuliza, kwamba kwa mwendo ule hata angekuwa dereva gani asingeweza kusimama.

Aliweka kijiko chini. "Nilimuona mbali," alisema. "Breki ilikuwa muzuri. Wewe ulizitengeneza."

Mke wangu aliinuka akaenda kusimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Kwa muda mrefu baada ya hapo alimpikia baba yake, alimfulia, akamwekea maji ya kuoga, bila kumwambia neno zaidi ya karibu na asante. Mzee hakulalamika. Alipoanza kuugua kifua ndipo mke wangu alipomwendea, akamwomba akubali aitiwe padri aungame.

"Hapana," mzee alisema. "Padri atanisamehe mbio sana."

Alikufa wiki ile, mchana, akiwa anamtazama binti yake. Mke wangu alimwosha mwenyewe, akakataa msaada wa wanawake wa jirani. Baada ya matanga alivaa viatu, akaniambia anakwenda misheni, nikamsindikiza. Alimwomba padri misa mbili. Ya kwanza ya baba yake. Padri akauliza ya pili ni ya nani.

"Ni ya askari mumoja," alisema mke wangu. "Jina siijui."

"Ni marehemu, ao ni muzima?"

Mke wangu alinitazama mimi. Padri akangoja, kalamu mkononi, na nje wanafunzi wa katekisimu walikuwa wakiimba.

"Musomee tu, mon père," alisema mwishowe. "Kama iko muzima, haitamuumiza."